Kwa nini Waingereza huendesha baiskeli ili paa la kanisa lisivuje

Jumamosi ya pili ya Septemba, barabara nyembamba za vijijini England, hasa upande wa mashariki, huwa na watu wengi kuliko kawaida. Wengine wako juu ya baiskeli, wengine wanatembea kwa miguu, wachache wamepanda farasi. Wanaingia katika kanisa moja, wanakaa dakika chache, wanatoka na kuelekea jingine. Mlangoni kuna meza yenye maji ya matunda na biskuti, na karatasi ya kuandika jina. Ikifika jioni, mtu aliyejituma anaweza kuwa amepita makanisa kumi, ishirini au zaidi. Siku hii inaitwa Ride and Stride, yaani endesha na tembea.

Matembezi ya hisani si jambo geni kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi. Unaomba watu wakuahidi fedha, unatembea, unarudi kuzikusanya. Jambo linalohitaji kufafanuliwa ni kile kinachochangiwa. Fedha hizi hukarabati makanisa ya kale, na mengi ya makanisa hayo ni ya Kanisa la England, ambalo gavana wake mkuu ni mfalme na ambalo maaskofu wake 26 wana viti katika Nyumba ya Mabwana bungeni. Ni kanisa la taifa. Mtu wa nje angedhani paa likivuja serikali hutuma fundi. Haitumi. Anayetafuta fedha ni mama mstaafu mwenye baiskeli na fomu ya ahadi, na ukitaka kujua kwa nini imekuwa hivyo huna budi kurudi nyuma karne kadhaa.

Nani anawajibika kwa jengo

Katika Zama za Kati kila parokia ya England ilikuwa na mgawanyo wa kazi uliokubalika. Sehemu ya mashariki ya kanisa, penye madhabahu, ilitunzwa na kasisi mkuu wa parokia, kwa sababu yeye ndiye aliyepokea zaka: sehemu ya kumi ya nafaka, kondoo na mazao mengine ya eneo lake. Ukumbi wanakokaa waumini, pamoja na mnara, ulikuwa mzigo wa wanakijiji wenyewe. Mgawanyo huo ulionekana wa haki, maana kila upande ulikuwa na chanzo chake cha mapato.

Vyanzo hivyo viwili vilikauka, kila kimoja kwa njia yake. Cha kwanza kilivurugika Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540. Nyumba hizo zilikuwa zimejipatia zaka za parokia nyingi, na mali zao zilipouzwa, haki ya kupokea zaka iliangukia mikononi mwa watu binafsi: makabaila, wafanyabiashara, vyuo. Wajibu wa kutengeneza sehemu ya madhabahu uliifuata haki hiyo popote ilipokwenda. Baadaye zaka zenyewe zilifutwa, lakini wajibu ulibaki umenata kwenye ardhi, mara nyingi bila mwenye shamba kujua. Mwaka 2003 kesi ya kanisa la Aston Cantlow, huko Warwickshire, ilifika mbele ya majaji wa juu kabisa wa nchi. Mume na mke waliorithi shamba walishindwa, na wakadaiwa zaidi ya pauni 180,000 kwa ukarabati wa kanisa la Zama za Kati. Tangu Oktoba 2013 mnunuzi mpya wa ardhi habanwi na wajibu huo kama haukuandikishwa kwenye daftari la ardhi, na parokia nyingi ziliamua kutouandikisha. Nadhani walifanya vyema. Kanisa linalomfilisi jirani yake halitapata mtu wa kulichangia tena.

Chanzo cha pili, kile cha wanakijiji, kilikuwa kodi. Mkutano wa parokia uliweza kumtoza kila mwenye nyumba fedha za kutengeneza kanisa, awe anasali humo au hasali. Wamethodisti, Wabaptisti na Wakweka waliokuwa na nyumba zao za ibada walilipa huku wakinung'unika, na baadhi yao walikataa hadi mali zao zikakamatwa. Baada ya mabishano ya miongo mingi, sheria ya mwaka 1868 iliifanya kodi hiyo kuwa ya hiari, na kodi ya hiari ni mchango tu. Mwaka 1921 sheria nyingine ikaweka utunzaji wa jengo mikononi mwa baraza la parokia, yaani waumini waliochaguliwa na wenzao. Wanajitolea. Katika kijiji chenye watu 150, baraza hilo linaweza kuwa na watu saba, na wote saba wamepita miaka sitini na mitano.

Linganisha na majirani zao. Ujerumani, muumini aliyeandikishwa hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kulingana na jimbo. Ufaransa, nchi inayojivunia kutenga dini na dola, sheria ya 1905 iliyaacha makanisa mengi ya zamani kuwa mali ya halmashauri za miji na vijiji, na makanisa makuu mengi kuwa mali ya dola, kwa hiyo wenye wajibu wa kuyatunza ni hao. Hapo ndipo penye kioja kikubwa: Ufaransa isiyo na dini ya taifa inamiliki makanisa yake, na England yenye kanisa la taifa imewaachia wanakijiji.

Swali linalofuata huwa ni lile la utajiri wa Kanisa lenyewe. Ni kweli kwamba makamishna wa Kanisa la England wanasimamia hazina ya zaidi ya pauni bilioni 10. Hazina hiyo hulipia kazi za maaskofu, pensheni za makasisi kwa utumishi wa kabla ya 1998, na misaada kwa dayosisi, hasa zile maskini. Kwa kawaida hailipii mlizamu wa kanisa la kijijini. Mtu anaweza kuubishia mpangilio huo, na wapo wanaoubishia kwa nguvu ndani ya Kanisa lenyewe, lakini ndivyo ulivyo, na paa halingoji mjadala uishe.

Makanisa makubwa, vijiji vidogo

Kanisa la England lina majengo ya ibada yapatayo 16,000. Zaidi ya 12,000 kati yake yamo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, na ukihesabu majengo yote ya England ya daraja la kwanza, yaani yenye thamani kubwa kuliko yote, pamoja na makasri na majumba ya kifalme, karibu asilimia 45 ni makanisa ya Kanisa la England. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urithi wa taifa uliojengwa kwa mawe imekaa katika vijiji vidogo na inatunzwa na watu wanaojitolea.

Mahali ambapo uzito huu unaonekana zaidi ni Norfolk na Suffolk, kaunti mbili za mashariki mwa England. Norfolk peke yake ina makanisa zaidi ya 600 ya Zama za Kati. Suffolk ina kama 500. Ukubwa na uzuri wa mengi kati yake ulitokana na sufu. Katika karne ya 14 na ya 15, kondoo na vitambaa vilizitajirisha sehemu hizo kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya England, na wenye mali waliweka utajiri wao katika makanisa, kwa ajili ya sifa na kwa ajili ya roho zao. Lavenham, ambacho leo ni kijiji kikubwa tu, kina kanisa lenye mnara wa zaidi ya mita 40. Long Melford ina kanisa ambalo kwingineko lingetosha kuwa la askofu. Blythburgh, kando ya mabwawa ya mto Blyth, ina kanisa refu jeupe ndani, na darini mwake wamepangwa malaika wa mbao wenye mabawa yaliyokunjuliwa, rangi zao za kale zingali zinaonekana hapa na pale. Kisha biashara ya vitambaa ikahama, watu wakahama, makanisa yakabaki.

Mashariki mwa England hakuna mawe mengi mazuri ya kuchonga. Wajenzi walitumia gumegume, mawe magumu ya umbo lolote waliyookota mashambani, wakayashikanisha kwa chokaa nyingi. Inasemekana kwamba kwa kuwa gumegume haitoi pembe nzuri, baadhi ya minara ilijengwa ya duara. Makanisa yenye minara ya duara England nzima hayafiki 200, na mengi mno yako Norfolk na Suffolk. Mengine yana paa la matete. Ni majengo ya kupendeza sana, na ni majengo yanayohitaji fundi anayeyajua.

Adui ni maji

Ukisoma ripoti za wasanifu wanaokagua makanisa haya, na tangu sheria ya mwaka 1955 kila kanisa hukaguliwa kila baada ya miaka mitano, utaona neno moja linarudi: maji. Majani huziba mlizamu. Maji yanafurika na kuteremka ukutani. Ukuta unalowa, ncha za boriti za mwaloni zilizoingia ukutani zinaanza kuoza, wadudu wanaotoboa mbao wanaipenda mbao iliyolowa, na baada ya miaka kumi kazi ambayo ingefanywa kwa ngazi na ndoo asubuhi moja imekuwa kazi ya jukwaa zima la mafundi. Mwaka 1877 William Morris, mbunifu na mshairi, alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na ujumbe wake ulikuwa ni huo: mzuie uharibifu kwa matunzo ya kila siku, kabla hujafikiria kujenga upya. Hadi leo sijaona ushauri bora zaidi juu ya jengo lolote la zamani.

Kuna madini ya risasi pia. Mapaa mengi yamefunikwa kwa mabamba ya risasi, ambayo hudumu karne nzima au zaidi yakitandazwa vizuri. Bei ya madini ikipanda, wezi huja usiku na kuyabandua. Parokia inaamka na paa wazi, bima hailipi kila kitu, na mvua haingojei.

Halafu lipo tatizo la saruji, ambalo msomaji wa Zanzibar au Lamu atalielewa bila kuhangaika. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua: unyevu unaoingia ukutani hupata njia ya kutoka. Fundi akija na saruji kwa nia njema, akaziba nyufa na kupiga lipu ngumu, unyevu unanaswa ndani, na ukuta unaharibika nyuma ya lipu inayoonekana nzuri. Ndivyo ilivyotokea kwa makanisa mengi ya gumegume yaliyotengenezwa kwa saruji katika karne ya 20. Sasa saruji hiyo inachokolewa polepole, kipande kwa kipande, ili chokaa irudi. Ni kazi ya mkono na mafundi wake ni wachache, kwa hiyo bei yake ni kubwa.

Bei hiyo inapandishwa zaidi na mambo mawili ya kisheria. Kwanza, parokia haiwezi kuanza kazi kubwa bila kibali cha dayosisi, kinachotolewa na hakimu wa kanisa baada ya kamati ya wataalamu kutoa maoni. Popo wakiwa wamelala darini, na makanisa mengi wanao, sheria ya 1981 inawalinda. Ratiba ya kazi hupangwa kuwafuata wao. Pili, ukarabati hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, wakati nyumba mpya ya kuishi haitozwi. Kuanzia 2001 serikali ilikuwa na mpango wa kurudisha kodi hiyo kwa nyumba za ibada zilizo kwenye orodha ya ulinzi, na huo ulikuwa msaada mkubwa. Lakini Januari 2025 ilitangazwa kwamba fungu la mpango huo litashuka kutoka pauni milioni 42 hadi milioni 23, na kwamba hakuna kanisa litakaloruhusiwa kudai zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka wa fedha ule ulioishia Machi 2026. Kwa parokia iliyokuwa tayari imesaini mkataba wa paa jipya, tangazo hilo lilikuwa pigo.

Hesabu ya nusu kwa nusu

Mwaka 1953, wakati makanisa mengi yalikuwa hayajatengenezwa tangu kabla ya vita, uliundwa mfuko wa kitaifa wa kuchangia ukarabati wa makanisa ya kihistoria. Mrithi wake tangu 2007 ni National Churches Trust. Sambamba na mfuko huo ilichipuka mifuko ya kaunti, kila mmoja huru, wenye kamati yake ya watu wa eneo hilo: wasanifu wastaafu, wenye mashamba, walimu, makasisi. Ule wa Suffolk ulianzishwa 1973. Mapema miaka ya 1980 wakabuni jambo rahisi: siku moja kwa mwaka makanisa yote ya kaunti yafunguliwe, watu wazunguke kwa baiskeli kutoka moja hadi jingine, na kila mmoja atafute wa kumwahidi fedha. Kaunti nyingine ziliiga, na leo kaunti nyingi za England hufanya hivyo siku ileile. Siku hiyo imewahi kuleta zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka, nchi nzima.

Tuchukue mfano wa kubuni ili utaratibu uonekane. Tuseme mwendesha baiskeli mmoja amepata watu kumi, na kila mmoja ameahidi pauni 2 kwa kila kanisa. Anafika makanisa 12. Amekusanya pauni 240. Kama wote kumi ni walipa kodi wa Uingereza na wamejaza fomu vizuri, serikali huongeza senti 25 kwa kila pauni kupitia mpango unaoitwa Gift Aid, maana inarudisha kodi ambayo mchangiaji alikuwa ameshalipa kwenye fedha hizo. Pauni 240 zinakuwa 300. Nusu ya hizo, pauni 150, inakwenda kwa kanisa alilolitaja mwenyewe kwenye fomu. Nusu ya pili inabaki kwenye mfuko wa kaunti.

Kwa maoni yangu kanuni hii ya nusu kwa nusu ndiyo akili yote ya mpango huu. Fikiria kama fedha zote zingekwenda kwenye kanisa la mtembeaji. Vijiji vyenye wakazi wenye uwezo, wenye marafiki wengi na miguu yenye nguvu, vingepata nyingi. Kijiji cha wazee wanane kingepata kidogo, na kwa kawaida hicho ndicho chenye paa bovu. Sasa fikiria kinyume chake, zote ziende kwenye mfuko wa kaunti. Watu wachache wangejisumbua, kwa sababu mtu humwomba jirani yake fedha kwa moyo zaidi akisema ni za kanisa letu hili hapa. Nusu moja inamtoa mtu nyumbani. Nusu ya pili inamfikisha asipopajua. Kanisa lililopata kidogo mwaka huu linaweza kupata ruzuku kubwa mwaka ujao kutoka kwenye mfuko uleule, kwa hoja ya uhitaji, bila kujali lilikusanya kiasi gani.

Ruzuku zenyewe si kubwa sana. Mara nyingi ni maelfu machache ya pauni, wakati kazi ya paa inaweza kugharimu laki moja au mbili. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema siku hii ni tone baharini. Nadhani wanakosea, na kosa lao ni kutojua jinsi fedha za urithi zinavyopatikana. Mfuko mkubwa, kama ule wa bahati nasibu ya taifa, unataka kuona kwamba parokia imeshapata wachangiaji wengine, kwamba jengo limekaguliwa na mtu mwenye sifa, kwamba bei zimeombwa kwa mafundi zaidi ya mmoja. Mfuko wa kaunti huwa wa kwanza kuuliza maswali hayo na wa kwanza kusema ndiyo. Kwa kawaida hautoi fedha mkononi. Hulipa baada ya msanifu kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Barua yake ya ahadi inawaambia wengine kwamba watu wanaoyajua makanisa ya kaunti hii wamelitazama hili na wameridhika. Pauni 3,000 za aina hiyo zimefungulia parokia nyingi milango ya fedha kubwa zaidi.

Lingine ambalo daftari la hesabu halionyeshi ni funguo. Makanisa mengi ya vijijini hukaa yamefungwa siku za kazi, na mengine hufunguliwa kwa ibada moja tu kwa mwezi. Siku hiyo ya Septemba yanafunguliwa, kwa kawaida kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na mtu anakaa mlangoni. Anayekaa naye anaweza kutafuta ahadi za fedha kwa saa atakazokaa, kwa hiyo bibi asiyeweza kutembea ana nafasi yake kamili katika kazi hii. Makanisa yasiyo ya Kianglikana, ya Wamethodisti, Wabaptisti na Wakatoliki, hushiriki pia katika kaunti nyingi. Kuna watu wasioamini chochote ambao hushiriki kila mwaka kwa sababu wanapenda baiskeli, au historia, au kwa sababu wazazi wao wamezikwa nje ya mlango ule. Ukumbuke kwamba chini ya karne mbili zilizopita watu wasiosali humo walilazimishwa kulipa na wakapinga hadi sheria ikabadilishwa. Leo wajukuu wao wanakuja wenyewe. Mimi naona hilo ni jambo kubwa.

Mpango huu una udhaifu, na udhaifu wake mkubwa ni umri. Mratibu wa kijiji ndiye anayegawa fomu, kufuatilia ahadi, kukusanya sahihi. Akifariki au akihama na asipatikane wa kumrithi, kijiji kizima hutoka kwenye ramani ya siku hiyo. Baadhi ya kaunti zimeanza kukusanya fedha kwa njia ya mtandao, jambo linalosaidia, lakini ahadi inayoombwa uso kwa uso bado ndiyo inayotimizwa. Na yapo makanisa ambayo hakuna baiskeli itakayoyaokoa, kwa sababu hakuna tena waumini. Baadhi hukabidhiwa Churches Conservation Trust, mfuko ulioanzishwa 1969 na unaopata sehemu ya fedha zake kutoka serikalini; unatunza zaidi ya makanisa 350 yaliyofungwa. Mengine huuzwa yakawa nyumba. Zaidi ya nyumba za ibada 900 ziko kwenye daftari la taifa la urithi ulio hatarini.

Lincolnshire na Mkunazini

Kaunti mojawapo inayofanya siku hii ni Lincolnshire, na huko kuna makanisa mawili ya kijijini yanayotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1863 William Tozer, kasisi wa Burgh le Marsh, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa misheni ya vyuo vikuu katika Afrika ya Kati. Alimchukua rafiki yake Edward Steere, kasisi wa Little Steeping, kijiji kilicho mwendo mfupi tu wa baiskeli kutoka hapo. Baada ya jaribio lililoshindikana katika nchi za mto Shire, mwaka 1864 walihamia Zanzibar. Steere alijifunza Kiswahili kwa bidii. Aliporudi England mwaka 1868 aliendelea na kazi hiyo, na 1870 kitabu chake cha sarufi na msamiati wa lugha hii kilichapwa London. Alirejea Zanzibar, akawa askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873. Paa lake, tao moja refu, lilitengenezwa kwa kokoto za matumbawe na saruji, na wengi waliamini litaporomoka.

Halikuporomoka, ingawa nalo lilihitaji matengenezo. Katika miaka ya 2010 Mkunazini ilifanyiwa ukarabati mkubwa kupitia World Monuments Fund, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilitoka Umoja wa Ulaya. Ilistahili kabisa: ni mahali ambapo dunia nzima huja kukumbuka. Ila Little Steeping haina watalii. Hakuna shirika la kimataifa litakalolijua jina lake. Kanisa la namna hiyo, hata kama kasisi wake mmoja aliacha alama katika lugha ya mamilioni ya watu, linabaki kutegemea majirani, mfuko wa kaunti, na Jumamosi moja ya Septemba.

Wapo Waswahili wengi wanaoishi Uingereza, na kushiriki si kazi ngumu. Tafuta mfuko wa makanisa ya kihistoria wa kaunti unayoishi. Tovuti yake huwa na fomu ya ahadi na orodha ya makanisa yatakayofunguliwa, na husema wazi yapi yana choo, jambo la maana kwa mwendo wa siku nzima. Huhitaji kuwa Mkristo wala Mwingereza. Chagua makanisa yaliyo karibu karibu, maana Suffolk unaweza kufika manne au matano ndani ya saa moja, lakini katika kaunti zenye vilima usijipime hivyo. Wachangiaji wako wakitaka kutumia Gift Aid lazima waandike wenyewe jina kamili, anwani ya nyumbani na msimbo wa posta, na wawe wamelipa kodi ya Uingereza inayotosha kwa mwaka huo. Ndugu aliyeko Mombasa au Muscat anaweza kuchangia vizuri tu, ila asitie alama kwenye kisanduku hicho. Kwenye nafasi ya kanisa unalochagua andika jina la kijiji pamoja na jina la mtakatifu, kwa sababu makanisa ya Mtakatifu Maria ni mengi kupita kiasi. Fedha zipelekwe kwa mratibu mapema katika msimu wa vuli, ili kamati ya kaunti iingie katika maombi ya ruzuku ikijua ina kiasi gani cha kugawa.